Mama Elieth na Kanuni ya Nne

Chumba cha kompyuta cha shule ile ya sekondari, nje kidogo ya Ushirombo, zamani kilikuwa stoo ya mahindi, na hata leo wapo panya ambao hawajapata taarifa ya mabadiliko. Humo ndimo alimofanya kazi Bernadina, mama wa miaka hamsini na miwili, ambaye shule nzima humwita Mama Elieth kwa jina la binti yake wa kwanza. Barua yake ya ajira ilisema afungue, afagie, apanguse vumbi, afunge. Hayo yote aliyafanya. Lililotaka kumfukuzisha kazi ni lile ambalo barua haikulisema.

Kompyuta zilikuwa ishirini. Kumi na saba zilikuwa nzima, mbili zilikuwa na homa za vipindi, na moja ilikwisha kukata roho lakini iliachwa mezani kwa sababu mkaguzi akija lazima ahesabu ishirini. Kila mwanafunzi alipewa jina la kuingilia, akaambiwa abuni neno la siri. Kubuni si kazi. Kazi ni kukumbuka. Kipindi kilikuwa dakika arobaini: kumi za kuwasha, ishirini za "nimesahau", na kumi zilizobaki ndizo zilizokuwa za elimu. Mwalimu wa kompyuta wa wakati huo alikuwa wa kuazima, anakuja Alhamisi tu kwa pikipiki. Ukisahau Ijumaa, unakaa na ujinga wako mpaka Alhamisi.

Ndipo siku moja Enock wa kidato cha pili akasogea mlangoni.

"Shikamoo, Mama Elieth."

"Marahaba. Umesahau tena?"

"Bado. Ila nitasahau, najijua. Naomba unitunzie."

Wala mtoto hakuwa amezua jambo. Kwao ni wafugaji, na mfugaji mwenye akili halazi ng'ombe wake wote zizi moja. Wengine huwapeleka kwa rafiki kijiji cha mbali, wakae huko, watoto wa rafiki wanywe maziwa. Ugonjwa ukipita hapa, au mwizi, kule imebaki mbegu. Unampa mtu unayemwamini, basi, yamekwisha. Enock akafanya vilevile na pasiwedi yake. Kesho yake wakaja wenzake sita, na wiki iliyofuata darasa zima.

Na walijua wanampa nani. Kabla ya shule, Bernadina alipika wali na maharage machimboni, upande wa Katoro, miaka kumi na miwili. Wachimbaji kabla ya kushuka kwenye duara, lile shimo lao refu lisilo na huruma, walimwachia simu, vitambulisho, pete za ndoa. Alifunga kila kitu kwenye kipande chake cha kitambaa, na kwa rangi ya kitambaa akajua ni cha nani. Hakikupotea hata kimoja. Kuna rozari moja mwenyewe hakupanda kuifuata. Bernadina alifunga banda siku mbili, akapanda basi hadi Chato, akaulizia nyumba kwa nyumba mpaka akaiweka mkononi mwa mama wa marehemu. Alirudi siku ya pili, akawasha moto, akapika maharage kama kawaida.

Basi akanunua kaunta buku na kuanza kuandika: jina huku, neno kule. Mwaka ulipoisha walikuwa mia moja arobaini na wawili.

Kumbe neno la siri mtoto haliokoti barabarani. Enock aliandika "sitakikuchimba". Mwingine aliweka jina la ng'ombe wao mwekundu, mwingine la mdogo wake aliyezikwa mwaka juzi. Yupo aliyeandika "chipsimayai", na huyo njaa yake hakuisahau hata siku moja, pasiwedi aliisahau kila wiki. Zipora wa kidato cha tatu aliandika "babadisemba". Baba yake alikwenda kuchimba Chunya akasema atarudi Disemba. Hakusema ya mwaka gani, na huu ulikuwa wa nne. Siku Bernadina alipoliandika neno hilo alifunga daftari, akachukua ufagio, akafagia chumba alichokwisha kukifagia.

Tangu hapo hakuwatazama watoto wale kama zamani. Enock akipiga kelele, alimkaripia nusu. Zipora akichelewa kutoka, alipunguza haraka ya kufunga.

Kisha akaja Mwalimu Nestory. Kijana wa miaka ishirini na saba, shahada bado ina joto, shati limenyooka mpaka linatisha, na kisogo kilichotangulia kufika Shinyanga wakati uso bado uko Ushirombo. Wanafunzi walikipa kisogo jina ndani ya saa moja. Lakini hakuwa mtu mbaya. Wiki ya kwanza alizitibu zile kompyuta mbili zenye homa. Wiki ya pili mtandao ukawa unafika hadi dawati la mwisho. Wiki ya tatu akabandika mlangoni Kanuni Kumi za Matumizi ya Kompyuta na Mtandao.

Ya kwanza ilikataza kula karibu na mashine. Ya pili ilikataza kamari, na kidato cha nne kikavaa msiba. Ya tatu ilikataza kumpiga mtu picha na kuirusha mtandaoni bila ridhaa yake. Ya nne ilisema: neno la siri ni la mwenyewe peke yake, mwanafunzi atakayempa mtu mwingine atafungiwa chumba muhula mzima, na mtumishi atakayelitunza ataondolewa.

Jumatatu kikaitwa kikao, watumishi wote wasaini. Walimu wakasaini bila kusoma, kama mtu anavyokubali masharti ya simu mpya. Bernadina, wa darasa la saba, akasoma. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, watu wanasubiri chai. Kwenye namba nne kidole kikasimama.

"Mwalimu, hii siwezi kusaini."

"Kwa nini, mama? Lugha ni ngumu?"

"Lugha nyepesi. Ila nimeshaivunja."

Watu wakacheka. Mwalimu Nestory naye akatabasamu. "Mara ngapi?"

"Mia moja arobaini na mbili."

Kicheko kikakatika kama umeme wa masika. Mkuu wa shule, Madam Apolonia, akaweka kikombe chini. Yeye ni mama wa haki, ila haki yake ni kiti cha chuma, ukikikalia unaumia.

"Unayo kwa maandishi?"

"Ninayo, Madam."

"Ijumaa saa nne, daftari hilo liwe mezani kwangu. Waliomo watafungiwa kama kanuni inavyosema. Na wewe nitaona nikufanye nini."

Kidato cha nne walikuwa wamebakiza wiki saba wafanye mtihani wa taifa. Thelathini na wanane kati yao walikuwemo.

Baada ya kikao Mwalimu Nestory alimfuata chumbani. Hakuja kugomba.

"Mama Elieth, usidhani nimeitunga kukukomoa. Shule niliyofanyia mazoezi, binti mmoja alimpa rafiki yake pasiwedi. Wakagombana. Rafiki akaingia kwa jina lake, akaandika matusi, akayatuma shule nzima na kwa wazazi. Binti alijitetea, nani amsikie? Jina lilikuwa lake. Hakumaliza shule."

Bernadina aliegemeza ufagio ukutani. "Hilo sikulijua."

"Ndiyo hivyo."

"Maskini mtoto wa watu," alisema, na siku nzima hakuweza kumtoa kichwani yule binti asiyemjua hata jina.

Jikoni, mpishi Dorika alikuwa na dawa tayari. "Shoga, lete hilo daftari nilitumbukize hapa. Mimi naunguza maharage kila siku na hakuna anayeniitia kikao, sembuse karatasi."

"Nikilichoma, watakaoamka wamesahau watapoteza kazi zao zote. Na cha mtu hakichomwi, Dorika."

"Haya, mpelekee Madam. Wafungiwe watoto, ufukuzwe wewe, kanuni ifurahi."

Ikapita Jumanne, ikapita Jumatano. Habari zilikwisha kuenea, na watoto waliingia chumbani kwa adabu ya kutisha, kama wanaingia wodini. Alhamisi asubuhi Zipora alibaki nyuma ya wenzake, akichokonoa ukingo wa dawati.

"Mama, kesho Madam atalisoma?"

"Nani kakwambia?"

"Kufungiwa sawa, nitafungiwa. Ila lile neno langu asilisome." Akaanza kulia, kisha akajikausha kwa mkono wa sweta. "Watasema bado ninamsubiri."

Bernadina alimvuta akamkumbatia, kwa muda ambao ratiba ya shule haina nafasi yake. Mtoto alipoondoka, yeye alikwisha kujua la kufanya. Alifungua mkoba, akatoa mkasi wa kushonea.

Saa nne ya mapumziko, foleni ilitoka mlango wa chumba cha kompyuta ikapita bomba la maji ikakata kona kuelekea jikoni. Bernadina alikaa kwenye benchi, daftari mapajani, mkasi mkononi. Alikata mstari mmoja, akaukunja mara mbili, akaita jina, akamkabidhi mwenyewe.

"Chukua chako. Kishike kichwani, karatasi uitafune ukitaka."

"Asante, Mama."

"Usimpe mtu tena. Hata mimi. Kuna mtoto aliumizwa hivihivi. Haya, mwingine! Chipsi, sogea."

Mwalimu Nestory alitokea walipofika mia na kitu. Alisimama akaitazama foleni, akaitazama sakafu iliyojaa nyuzi za karatasi.

"Mama, uliambiwa ulete daftari."

"Litaletwa, Mwalimu. Kesho saa nne. Ila vya watu havitakuwemo."

"Unajua Madam atakufukuza?"

"Nitajua kesho. Leo nina foleni."

Aliyekuwa mbele alikuwa kijana wa kidato cha pili. Kumwona mwalimu, alikificha kikaratasi nyuma ya mgongo kwa kasi ya mwizi wa kuku. Sababu anayo: wiki mwalimu alipofika alibadilisha neno lake, Mama Elieth akaliandika upya, nalo lilikuwa "nestorykisogo", na si yeye peke yake, walikuwa kumi na mmoja.

"Hebu nionyeshe hicho," Mwalimu Nestory akasema, akanyoosha mkono.

"Mwalimu," Bernadina akasema taratibu, bila kuinua macho kwenye mkasi, "kanuni ya nne."

Mkono ukabaki hewani. Mwalimu Nestory alimtazama mama yule, akamtazama kijana na mkono wake mgongoni, akaurudisha mkono mfukoni pole pole kana kwamba ndiko ulikokuwa unakwenda tangu mwanzo.

"Nenda," akamwambia kijana. Kisha akachutama, akaanza kuokota nyuzi za karatasi zisizo na maandishi, na hakuondoka mpaka foleni ikaisha.

Ijumaa saa nne Bernadina aliweka majalada mawili na uti wa daftari mezani kwa Madam Apolonia. Madam alifungua jalada, akakuta jalada.

"Hiki ni nini?"

"Daftari, Madam. Vilivyokuwa vya wenyewe nimewarudishia."

"Nilitaka majina yaliyomo! Mwalimu Nestory, wewe uliwaona kwenye foleni. Niandikie wote."

Mwalimu Nestory alikohoa. "Madam, nikiwaandika hao nijiandike na mimi. Mtoto wa kidato cha pili akisahau neno lake Ijumaa, tulimwekea nani wa kumsaidia? Hatukumweka mtu. Akajitafutia. Tena alimpata aliye bora kuliko ambaye tungemweka sisi." Akasogea mezani kwake. "Namwomba abaki. Kila mtoto abadilishe neno lake wiki hii, na Mama Elieth nimfundishe kuwafungulia wanaosahau. Kuna namna ya kufanya hivyo bila yeye kulijua neno."

Madam Apolonia aliisubiri kengele ya kubadilisha kipindi imalize kulia. Kisha akavuta karatasi, akaandika barua ya onyo, akaigonga muhuri kwa nguvu zote. "Kosa ni kosa," alisema. "Hili liende kwenye faili lako. Jumatatu uwe kazini saa moja na nusu, si saa mbili, maana una somo."

"Nitakuwepo saa moja, Madam."

Somo lilichukua siku tisa. Kipanya kilimkimbia, mshale ukapotea kwenye kona za kioo, na Mwalimu Nestory alijifunza uvumilivu ambao chuo hakikumpa. Lakini siku ya kumi aliweza: anatafuta jina la mtoto, anabonyeza, neno la zamani linafutika, mtoto anaandika jipya.

Wa kwanza kuletwa alikuwa Sikujua, binti wa kidato cha kwanza, mdogo mpaka miguu haifiki sakafuni akikaa.

"Shikamoo, Mama. Nimesahau."

"Marahaba, mwanangu. Hata mimi nasahau, kaa hapa." Akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. "Haya. Andika jipya."

"Nikwambie ni lipi? Ni zuri."

Bernadina alilitaka neno lile. Alilitaka kama mtu anavyotaka kujua mgeni ametokea wapi na amekula nini. Mia moja arobaini na wawili aliwahi kuwajua kwa namna hiyo, na mmoja mmoja walikuwa wakibadilisha, wakimtoka.

"Usiniambie," alisema. "Ni zuri, nimekuamini."

Akageuza kiti, akampa mtoto mgongo, akatazama dirishani ambako Dorika alikuwa anagombana na moshi. Nyuma yake vidole vidogo vilikuwa vinatafuta herufi, kimoja kimoja, bila haraka. Lilikuwa neno refu. Mama Elieth hakugeuka mpaka alipoambiwa.