Mgeni Aliyewatia Watu Muhuri Changamwe

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalitokea Changamwe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, na aliyetendewa ni mume wangu wa ndoa. Mkitaka kuamini, aminini, msipotaka, basi. Kwa umri huu nilio nao uongo haunipi kitu. Ila nisikilizeni mpaka nimalize ndipo mtikise vichwa.

Ilikuwa miaka ile ya vita vya Wazungu. Mume wangu Danieli alipata kazi ya reli, kuunganisha mabehewa, tukatoka kwetu Rabai tukapanga chumba kwenye njia iendayo Jomvu Kuu. Nani aliyeishi wakati ule akasahau hofu yake? Jioni taa zote zilifunikwa vitambaa vyeusi. Ukishuka Kilindini unaona manowari za kijivu zimeijaza bandari. King'ora kinalia, watu wanakimbilia mashimoni, na ndege zenyewe hazionekani. Huko bara nzige walikuwa wamekula mashamba yakabaki vijiti. Mtu aliyelelewa na Biblia akiyaona hayo yote afikiri nini? Tulifikiri ndio mwisho.

Aliyetufundisha kufikiri hivyo ni Mwalimu Zakaria. Zamani alikuwa mwalimu wa misheni, akagombana na wakubwa zake, akaja Changamwe akajenga kanisa lake mwenyewe la makuti. Unabii aliusoma kama mtu anavyosoma barua ya nduguye, hakuna neno lililomshinda. Mnyama atokaye baharini, alisema, ni hizo manowari. Nzige wenye vifua vya chuma ni ndege za vita. Na kabla ghadhabu haijamwagwa atatokea malaika upande wa maawio ya jua, awatie watumishi wa Mungu muhuri kwenye vipaji vya nyuso. Wasio na muhuri watachomwa na wale nzige, maumivu kama ya nge, miezi mitano. Watatamani kufa na kifo kitawakwepa.

Aliyasema haya huku anatabasamu. Hilo ndilo lililokuwa likinikera. Alisema sisi waaminifu hatutaonja mauti, tutasimama kando tuwaangalie wenzetu wanavyoungua, na kule kuwaangalia kutakuwa sehemu ya furaha yetu. Na watu waliitikia amina kwa sauti ya watu wenye njaa. Danieli wangu, mtu ambaye nyumbani hakuwahi kumpigia mtoto kelele, alikuwa akiitikia kuliko wote.

Kanisani Mwalimu aliwagawa watu. Mkono wa kulia walikaa kondoo, kwenye mabao ya kukalia. Mkono wa kushoto, chini, karibu na mlango ambako mvua ilikuwa ikiingia, walikaa mbuzi. Dada yangu Dama alikuwa mbuzi. Kosa lake nini? Mumewe alimwacha, akaenda kukaa Mtongwe na mwanamume bila ndoa, akazaa, mtoto akafa kwa homa. Siku ya kuzika, Mwalimu Zakaria alisimama juu ya kile kikaburi akasema, "Haya ni mavuno ya kwanza. Mama mtu atafuata motoni." Dama alikuwa pale pale, maziwa yanamchuruzika, kanga imelowa kifuani. Jumapili iliyofuata akarudi kanisani, akakaa kwenye tope lake.

Nikamwuliza, "Dada, unafuata nini kwa huyu mtu?"

Akasema, "Na kama asemayo ni kweli, nitakwenda wapi?"

Sasa nije kwa mgeni.

Ilikuwa Jumapili ya masika, baada ya adhuhuri, mvua inapiga makuti hata mahubiri hayasikiki vizuri. Dama alikuwa anatetemeka kwa homa. Nikashindwa kuvumilia, nikaondoka upande wa kulia nikaenda kukaa naye chini, nikamfunika kwa kanga yangu, kichwa chake nikakilaza mapajani. Danieli akanikazia macho. Nikajifanya sikumwona.

Mtu akaingia. Kanzu nyeupe, kichwa wazi, uso wa kawaida kabisa. Ungempita njiani usigeuke kumtazama. Lakini alikuwa mkavu. Mnanielewa? Mvua ile ilikuwa inamlowesha mtu hata mifupa, na yeye kanzu kavu, nywele kavu, amesimama kwenye tope na nyayo zake kavu. Na hapepesi macho. Nilikaa nikingoja apepese, hata mara moja, hakupepesa.

Akasema, "Nani anataka kuuona mwisho?"

Mimi nilimsikia akisema Kirabai, kile cha bibi yangu, cha watu wa kale. Mkamba mmoja wa bandarini aliyekaa mbele yetu aliapa baadaye kwamba mgeni alisema Kikamba kitupu tangu mwanzo hadi mwisho. Nusura wapigane kwa jambo hilo na Mjaluo aliyekuwa jirani yake, ambaye naye alisikia Kijaluo.

Mwalimu Zakaria alianguka magotini. "Bwana wangu, umetoka maawioni?"

"Nimetoka huko."

"Umetuletea muhuri?"

"Mnautaka?"

"Tunautaka. Tusionje mauti mpaka tuone waovu wanavyolipwa."

"Nyote?"

Mwalimu akanyoosha mkono kuelekea mabao. "Hawa tu. Wale wa mlangoni ni kuni."

Mgeni aliwatazama wa kulia, akatutazama sisi. "Aliyewagawa ni nani?"

"Ni mimi, kwa mujibu wa Neno."

"Vema," akasema. "Kazi umeshanipunguzia."

Akaanza kupita mbele ya mabao. Kila mtu alimbonyeza kwa kidole gumba katikati ya kipaji, na kila alipobonyeza nilisikia harufu ya nywele zilizoungua. Hakuna aliyelia kwa maumivu. Walikuwa wakilia kwa furaha. Danieli alipotiwa muhuri, machozi yalimtiririka, akageuka akanipungia mkono. "Mama Kadzo, njoo. Njoo upesi, asije akaondoka."

Je, nilitaka kwenda? Siwezi kuwaambia kwamba sikutaka. Lakini kichwa cha Dama kilikuwa mapajani, kizito, kinachoma kama chungu kilichotoka jikoni, na amenishika mkono kwa nguvu. Kabla sijajua la kufanya, yeye ndiye aliyejikokota. Alikwenda kwa magoti katikati ya kanisa hadi miguuni kwa yule mgeni.

"Bwana, na mimi. Nitie hata mguuni."

Mgeni akainama. Kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea, ukawa kama uso wa mtu.

"La, mama," akamwambia. "Wewe utakufa salama."

Mwalimu Zakaria akacheka. Mabao yote yakacheka naye, na mume wangu pia alicheka, nilimwona. Mgeni akatoka akaingia kwenye mvua, nasi tuliokuwa mlangoni tukamwangalia, na kwenye lile tope hapakuwa na alama ya mguu hata moja.

Dama alikufa wiki ile ile. Alilala alasiri, hakuamka, uso wake umekunjuka kama wa msichana. Mwalimu alikataa kumzika. Aliyenisaidia kumwosha ni mama mwenye nyumba yetu, Bi Mwanaisha, Mwislamu wa Jomvu Kuu, na vijana wa mtaa wakachimba kaburi. Danieli hakuja. Alisema mbuzi wazikane wenyewe.

Ndipo maumivu yakaanza. Danieli alikuwa na kovu jeupe hapa kwenye kipaji, dogo, kama la chanjo. Alisema ni kama nge amelala chini ya ngozi na anauma papo hapo bila kuchoka. Alikuwa akiuma kamba asipige kelele, akienda kazini amevimba macho. Aliniambia ni majaribu, yatapita.

Siku moja wenzake wa reli wakaja kuniita mbio. Nikakuta amebanwa kati ya mabehewa mawili, kiunoni, amesimama kama mtu aliyeegemea dirisha, anazungumza. Msimamizi akanivuta kando. Akasema, "Mama, wakibanwa hivi wanaongea mpaka tuyaachanishe mabehewa. Tukiyaachanisha tu, basi. Nenda umuage."

Nikamuaga. Nikamshika uso, nikamwambia nitamlea binti yetu Kadzo vizuri. Akasema, "Nimefurahi kwamba yanakwisha." Wakayaachanisha.

Hakufa.

Siwasimulii alivyokuwa kiunoni, kuna mambo hayasemwi mbele ya watu. Daktari wa hospitali alimfunua, akamfunika, akamfunua tena, akauliza ni saa ngapi tangu ajali, akasema haiwezekani. Wakaninong'oneza nisiende mbali, atakufa usiku huo huo. Asubuhi alikuwa hai. Kesho yake alikuwa hai. Wakachoka kuningojesha, wakanirudishia mume wangu kwa machela.

Alinisihi nimsaidie kufa. Nilikataa, mkono wa kumuua ningeutoa wapi? Basi akajiburuta kwa viwiko mpaka mikokoni, maji yamekupwa, akajilaza kwenye tope akangoja yajae. Yalijaa, yakakaa juu yake, yakakupwa. Wavuvi wa Jomvu walimkuta tope limemjaa mdomoni, macho wazi, analia.

Bi Mwanaisha aliniuliza, "Mwanangu, kitabu chenu kinasema adhabu hii muda gani?"

"Miezi mitano, bibi."

"Basi subiri. Miezi mitano si mingi, inshallah itapita."

Nikasubiri. Mwezi ulikuwa ukiandama nikauhesabu, na Danieli akauhesabu nami. Hiyo ndiyo sala pekee tuliyobaki nayo. Wa tano ukaandama, ukakua, ukafa. Yeye bado anauma kamba.

Nikaenda kwa Mwalimu Zakaria. Waumini walikuwa wametawanyika, kanisa limeanguka upande mmoja. Nilimkuta chini, nyuma ya yale mabao. Kovu lile lile kipajini, na shingo imelala begani, haisimami tena, kwa sababu ya kitanzi alichojitia mwenyewe kikamwacha hai. Lakini macho yalikuwa yanang'aa.

"Mwalimu," nikamwambia, "miezi mitano imepita."

"Ya kalenda," akasema. Sauti ilitoka kama upepo kwenye chupa. "Unabii hauhesabiwi kwa kalenda, mama. Katika unabii siku moja ni mwaka mmoja. Wanavyuoni wote wanakubaliana. Miezi mitano ni siku ngapi?"

Nilikuwa nimeshahesabu.

"Mia na hamsini," akanijibia, na wallahi, kama anavyosema Bi Mwanaisha, alikuwa ametabasamu. "Kila neno nililowafundisha ni kweli. Mlidhani nabuni?"

"Lakini hiyo ni adhabu ya wasio na muhuri wa Mungu. Nyinyi si mlitiwa?"

Tabasamu likamtoka. Akaanza kunitukana, mimi na dada yangu marehemu, matusi ya sokoni, na nilipofika njiani bado nilikuwa namsikia.

Yule mgeni alikuwa nani? Padre wa kwetu alisema ni Ibilisi mwenyewe. Bi Mwanaisha alisema ni mtumishi wa Dajali, yule mwongo mkuu wa siku za mwisho, ametangulia kumtandikia. Mimi sijui, na kinachonisumbua ni kwamba hakumdanganya mtu. Waliuliza, akawajibu. Waliomba, akawapa. Na Dama peke yake ndiye aliyepewa neno jema.

Vita vilikwisha, manowari zikaondoka, nami nikamrudisha Danieli Rabai. Yupo. Yuko chumba cha ndani. Mimi nimezeeka, meno yameisha, na yeye nywele zake hazijaota hata mvi moja. Ninamgeuza asubuhi na jioni. Kadzo amekataa kabisa kuingia mle, na wanawe wanaambiwa babu alikufa zamani. Nikifa mimi, sijui nani atamgeuza.

Kwa hiyo nyinyi mnaopenda kuhubiri moto wa wengine, acheni. Msiombe kuwekwa upande wowote. Mtu akija akakuuliza kama unataka kuona wenzako wanavyolipwa, mwambie hutaki, hata kama nguo zake zinang'aa. Na ukipita Rabai ukasikia mwanamume anaita kutoka ndani ya nyumba, kwa sauti nzuri ya kijana, usiingie kumhurumia. Analo ombi moja tu, na wewe huwezi kumpa.