Siku Mama Aliposhuhudia Kwamba Amepona

Ndizi zinazoivia chini ya magunia zina harufu yake, tamu na nzito kidogo, na mwaka ule nyumba yetu ya Nyanchwa ilijaa harufu hiyo kwa sababu mama hakuwa na nguvu za kuzifikisha sokoni. Kabla ya hapo alikuwa mchuuzi wa soko la Daraja Mbili aliyejulikana kwa ulimi wake. Mteja akishusha bei kupita kiasi, alimwuliza kama kwao ndizi huokotwa njiani. Kisha akapata uvimbe kwenye titi. Aliuficha mpaka ukakataa kufichika. Daktari akasema ni saratani, itabidi atiwe dawa ya dripu kwa awamu kadhaa, na dawa yenyewe inatolewa Eldoret. Mimi nilikuwa darasa la tano. Nilichoelewa ni kwamba Eldoret ni mbali.

Watu walituchangia, na hilo nitalisema daima bila kinyongo. Wanawake wa sokoni na washiriki wa kanisa letu walikaa uani kwetu Jumapili moja wakatoa walichokuwa nacho. Bibi mmoja kutoka Ogembo, ambaye hata hatukumjua vizuri, alileta jogoo apigwe mnada. Mama akaenda, akarudi hoi, akalala na beseni kando ya kitanda. Akaenda tena. Baada ya safari chache aliniita chumbani, akaushika mkono wangu na kuuweka pale palipokuwa na uvimbe. "Tafuta," akaniambia. Nilitafuta, nikakosa. Tulicheka sote wawili, na sijawahi kufurahi vile tena.

Kwetu mtu akichangiwa akapona, huwaita waliomchangia awalishe na kushukuru mbele yao. Ukinyamaza, unaonekana umekula jasho la watu ukajifungia ndani. Basi nauli iliyobaki ikanunua mbuzi na mchele. Sabato iliyofuata mama alisimama kanisani na gauni lake la kijani, akashuhudia kwamba ameponywa kabisa, na kanisa zima likaitikia amina. Kesho yake tukala na kuimba hadi jioni.

Tarehe ya kurudi hospitalini ilipokaribia, baba alimkumbusha kwamba daktari alitaka awamu zote zimalizike. Nilikuwa jikoni namenya ndizi, nikasikia kila neno.

"Baba Kerubo, nitarudi vipi?" mama akasema, akimwita kwa jina langu kama kawaida yake. "Waliotoa wamenisikia nikisema nimepona. Nikiwaomba tena, nitakuwa nimewadanganya wao, ama nimemdanganya Mungu?"

"Tutauza kitu."

"Gani?"

Ng'ombe alikuwa ameuzwa kwa safari ya kwanza, na shamba lilikuwa bado la babu.

Uvimbe ulirudi kabla ya mwaka kwisha, safari hii na kwapani pia. Mama akauficha tena, sasa kwa aibu, maana angewaambia nini watu walioimba naye? Alipofikishwa Eldoret daktari aliuliza walikuwa wapi siku zote hizo. Tulimzika wakati wa kuvuna mahindi. Niliwakasirikia wote, kanisa, soko, baba, hata wale mbuzi. Nilipokua nikaona kwamba hakuna aliyetutakia mabaya, na hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Siku hizi mambo yamebadilika, watu hupenda kuniambia. Kuna bima, na matibabu yamesogea karibu. Nayajua hayo kwa sababu sasa naugua mimi, titi la kushoto, kama yeye. Bima ilinifikisha katikati ikaisha, na nimeambiwa ningoje mwaka mwingine, kana kwamba ugonjwa nao unangoja. Mume wangu ameuza pikipiki ya boda boda iliyokuwa ikitulisha. Majirani wamechanga mpaka wamechoka, na siwalaumu. Mama aliacha dawa akiamini amepona. Mimi nimeacha nikijua ninachokiacha, na kujua huko hakujanisaidia chochote. Jana jioni binti yangu alikuwa amekaa nyuma yangu akinipapasa kichwa, mara akasimama. "Mama, nywele zako zinaota," akasema, akakimbia nje kumwita baba yake aje aone. Sikumwambia kwamba zinaota kwa sababu dawa imesimama.