Fundi Alisema Ataamka

Juzi mjini Migori niliona gaskit kuukuu ya injini imetundikwa kwenye msumari nje ya gereji, imeungua ukingoni. Nilisimama pale mpaka wakaniuliza natafuta nini.

Kimawazo nilikuwa nimerudi utotoni Lambwe, uani kwetu, kwenye harufu ya oili iliyoingia maji ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Mama alikuwa amelala ndani siku ya tatu, akiumwa kichwa, na pikapu ya kumpeleka hospitali Homa Bay ilikuwa imekufa. Baba alimwita fundi kutoka Kegonga. Fundi alikuwa Mkuria na sisi Wajaluo, kwa hiyo walizungumza Kiswahili, na katika Kiswahili cha fundi yule gari lilikuwa mtu.

"Shida ni kichwa, mzee," alimwambia baba. "Gaskit yake imeungua. Nikimfunga ingine, jioni ataamka."

Leo najua alikuwa akiizungumzia pikapu. Siku ile nilikimbia ndani.

"Mama, fundi amesema jioni utaamka!"

Mama alicheka kidogo bila kufumbua macho, akanishika mkono. "Basi tungoje jioni, nyara," akasema, yaani binti yangu kwa Kijaluo.

Tukangoja, nikisikiliza spana zikilia uani. Ndiyo maana mkono wake ulipolegea, na nilipomwita asiitike, sikumwambia mtu. Jioni ilikuwa bado.

Jua lilipoinama injini ikanguruma, na baba akapiga kelele za furaha: "Ameamka!"

Nikamtikisa mama, nikamwambia ni zamu yake.