Mbuzi wa Mlimani

Nilijitakia mwenyewe, kwa hiyo simlaumu mtu. Tulivuka milima ya Uluguru kwa miguu siku sita, mimi na wapagazi wa msafara wa ami yangu. Niliporudi Bagamoyo nikaisimulia safari hiyo katika kila baraza, mpaka milima yenyewe ikaongezeka urefu. Katika masimulizi yangu, wapagazi walitetemeka na mimi nikawatia moyo.

Mzee niliyemposa binti yake alikuwa bado hajatoa jibu. Nikaona nisome maulidi ya kushukuru kurudi salama, nichinje mbuzi, naye asikie ushujaa wangu akiwa ameshiba.

Sinia za wali zilipowekwa, nikaanza na jabali la siku ya tatu, nilivyolipita wima bila kushika kitu. Mzee akawa anaitikia kwa kuridhika.

Mara wakabisha hodi Kondo, mpagazi wetu wa Lugoba, na wenzake watatu. Walisikia naondoa nadhiri, wakaja kula. Nikawakaribisha, ningefanyaje?

Kondo akamega tonge, akaniuliza kwa adabu zake zote, "Samahani, bwana. Huyu ndiye mbuzi uliyemwahidi Mwenyezi Mungu pale jabalini, ulipolala kifudifudi ukimwita mama? Au ni yule wa siku ya nne, ulipoona nyani?"

Mzee akaacha kutafuna. "Kwani wako wangapi?"

"Saba, mzee. Kila penye mteremko aliahidi mmoja."

Mzee akanawa mikono taratibu. "Basi jibu langu," akaniambia, "nitalitoa siku ya mbuzi wa saba."