Pilau ya Kugawia Shamba

Ujinga wangu ulianzia jikoni. Kaka zangu wawili walipokutana kwetu Magarama kugawa mali ya marehemu baba, mimi niliwapikia pilau, nikakaa nyuma ya pazia nikiamini fungu langu litakuja tu.

Zilikuja sahani tupu. Shamba la Buhinyuza, kule Muyinga, walishagawana wao kwa wao.

Nikauliza, dini yetu si inampa binti nusu ya fungu la kaka yake? Mkubwa akapangusa midomo. "Dada, shamba ni mambo ya mila. Hapa Burundi msichana harithi."

Nikasema basi nitakwenda mahakamani, mimi ambaye hata kufika Musinzira, mtaa wa jirani tu, naona ni safari. Ndipo akaikumbuka dini. "Sisi Waislamu tuko wachache. Utatuvua nguo mbele ya watu?"

Uchache huo nimeubeba tangu utotoni, naye akaufanya kufuli la mdomo wangu. Hasira haijapoa mpaka leo.

Jirani yangu Mkongomani, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alinikuta nikisugua masufuria yao. Akasema: "Kaka zako iko na dini mbili, mama. We uko na sufuria tu."