Mkataba Uliokatwa Kola

Jirani wa mlango wa tatu ndiye aliyeleta habari. Alisema Shangazi Sindano kaiba simu ya kampuni, ndiyo maana siku ya tatu hii hafungui dirisha na wateja wanarudi na vitambaa vyao. Nilimwitikia tu, mdomo ule haujawahi kutiwa zipu. Lakini mimi na fundi huyo tunatenganishwa na ukuta mmoja, na tangu Jumatatu sikuwa nimesikia cherehani yake. Nikambeba mtoto nikaenda.

Nguo ya kwanza ya mwanangu aliishona yeye, kwa mabaki, akakataa hata asante. Akikutazama mara moja anajua upana wa bega lako. Kusoma ndiko hajui, na hulificha hilo kwa kusingizia miwani imevunjika. Nilimkuta amekaa sakafuni, cherehani imefunikwa shuka kama maiti.

Simu aliichukua kwa mkataba wa miaka miwili, akaweka cherehani dhamana. Alipohamia chumba hiki cha bondeni, haikushika mtandao hata siku moja. Mara tatu ameirudisha dukani, na mara tatu mhudumu amemwambia akivunja mkataba atalipa miezi yote iliyobaki. Akaacha kulipa. Sasa kampuni imemletea barua, jirani yule yule kamsomea: Ijumaa wanakuja kuchukua cherehani. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nikamwomba mkataba wenyewe. Akanyoosha kidole kwenye msumari anapotundika vipimo vyake vya karatasi, vya kola, mikono na mifuko.

"Karatasi ilikuwa ngumu, nzuri," akasema. "Nikaikata. Walinipa kama wanavyotoa risiti, ningejuaje?"

Tukaupanga sakafuni, kola kando ya mfuko, huku mtoto akitambaa juu ya masharti. Nilifuatisha kwa kidole, darasa langu la saba likinitoa jasho. Kwenye kipimo cha kola ya mtoto ndipo nikakuta: mteja akikosa mtandao anapoishi, anaweza kuvunja mkataba kabla ya muda bila faini, mradi arudishe simu na atoe taarifa kwa maandishi, ndani ya... Hapo mkasi ulikuwa umepita. Tulitafuta hadi chini ya kitanda. Kipande hicho kilifagiliwa zamani.

Ndani ya siku ngapi? Huenda zilikwisha pita. Nilimwambia ana haki ya kudai nakala nyingine, lakini sauti yangu mwenyewe haikuniamini.

Shangazi akacheka, kicheko kikavu. "Mara tatu nimekwenda kusema. Kumbe walitaka ninyamaze niandike."

Akainuka, akaokota chaki yake ya kuchorea vitambaa, akaitazama, akairudisha koponi. Kisha akalifungua kabati akatoa daftari la vipimo vya wateja, akachana ukurasa mtupu wa katikati, taratibu, usichanike vibaya. Akanipa na kalamu.

"Mwanangu, niandikie," akasema. "Usinipambe. Sema simu haishiki, na kwamba nilikwenda mara tatu. Halafu nishike mkono, jina niliandike mwenyewe."