Halbadiri ya Dizeli

Fundi mwenye nusu elimu ni mtu wa hatari, na ninayemsema hapa ni mimi mwenyewe. Nilikuwa nimekaa gereji moja ya mjini Mtama mwaka na miezi, nikajua kufungua nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini na kutoa upepo kwenye njia ya mafuta, basi nikajiona bingwa. Trekta la baba liliposumbua msimu wa kulima, niliitwa mimi. Nikarudi kijijini kwetu, nyuma ya Kitomanga, na mkoba wa spana begani, kichwa kimevimba.

Trekta lenyewe nimezaliwa nikalikuta. Dereva wake miaka yote alikuwa mjomba, mdogo wake mama, mtu mkimya asiye na ugomvi na yeyote. Ndiye aliyenifundisha kushika usukani nikiwa nimekaa mapajani mwake. Kwetu Wamwera mjomba ni mtu mzito. Mambo yako makubwa humfikia yeye kwanza, ndipo yaende kwa baba.

Ugonjwa wa trekta ulikuwa huu. Asubuhi linawaka bila taabu na kunguruma vizuri. Likishalima nusu saa hivi linaanza kumisi, mlio unakatikakatika, nguvu zinapungua, linazima. Mjomba anashuka, anafungua kifuniko cha tangi, anachungulia, anafunga, analiwasha, linakubali kama halijafanya kitu. Baada ya nusu saa, yale yale. Waliokuwa wakingoja zamu ya kulimiwa walimwona kutwa yuko kwenye tangi, na chini ya kiti ana dumu lake la maji ya kunywa. Maneno yakaanza kwamba anafyonza dizeli na kujazia maji.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia jambo moja tu.

"Mpwa wangu, nikifungua kifuniko linapata nafuu. Anzia hapo."

Sikuanzia hapo. Nilimwona mtu wa kushika usukani tu, habari za injini atazijulia wapi. Nikabadilisha filta. Nikafungua nozeli zote, nikazisafisha. Nikatoa upepo mpaka vidole vikachubuka. Kila nikimaliza naliwasha pale uani dakika kumi, linaimba. Likienda shamba, linazima. Siku ya nne nilikuwa nimechoka, nina hasira, na baba amenisimamia ananiuliza kila saa nimeona nini. Kwenye kikombe cha filta nilikuta matone mawili ya maji. Matone mawili, jamani! Trekta lolote la umri ule utayakuta. Lakini mimi nilitaka jibu la kumpa mzee, nikamwambia, "Dizeli imechezewa."

Nimejaribu kuyasahau maneno yale mawili, nimeshindwa.

Baba hakumkabili shemeji yake. Angemkabili ingekuwa afadhali, wangegombana yakaisha. Yeye aliwaita walimu wa madrasa waje wamsomee halbadiri yeyote anayeharibu mafuta ya trekta. Kwa asiyejua, halbadiri ni kisomo cha kumshitaki mkosaji kwa Mwenyezi Mungu. Hakitaji jina, kinamtafuta mkosaji mwenyewe kwa maradhi au kifo, na watu wanakiogopa kuliko polisi. Mama alimshika baba miguu akimwomba aache, hakusikilizwa. Kikasomwa baada ya laasiri, barazani kwetu, ubani ukifuka. Mjomba alikuja amevaa kanzu yake ya Idi. Alikaa mbele, na kila dua nilisikia sauti yake ikiitikia amin pamoja na wengine. Walipomaliza alimpa baba ufunguo wa trekta kwa mikono miwili, akaenda kwake.

Mwezi haukuisha, akaanguka kitandani. Homa, kisha tumbo likajaa, dawa hazikusaidia. Waliompenda na wasiompenda wote walisema kitu kimoja: halbadiri imejibu. Wakaacha kwenda kumjulia hali. Mimi nilikwenda mara moja, nikakaa karibu na mlango.

"Mimi sikuyagusa yale mafuta, mpwa wangu," alisema.

Nikamjibu kwamba najua. Nilikuwa sijui, nilisema hivyo ili niondoke. Alikufa wiki ile ile, na mazikoni tulikuwa wachache kiasi kwamba jeneza lilibebwa na mabega yale yale kutoka nyumbani hadi makaburini.

Mvua hazikungoja tumalize kuomboleza. Trekta lilikuwa halijaenda shamba tangu siku ya kisomo; nililipanda mwenyewe kumlimia mama shamba lake la ufuta. Nusu saa, likamisi, likazima. Sasa sikuwa na mtu wa kumsingizia. Nikashuka kwa hasira, nikakizungusha kifuniko, na nilipokilegeza tangi likavuta hewa kwa mlio, kama mtu aliyekuwa amebanwa pua. Nikakigeuza kifuniko. Kwa ndani, kwenye kale katundu kadogo ka kupitishia hewa, kulikuwa na kipande cha sabuni ya mche kimekauka kama jiwe.

Nikakaa chini kwenye matuta. Sabuni ile niliiweka mimi. Msimu wa kupulizia mikorosho nilikuwa likizo nyumbani, tunabeba mifuko ya dawa ya salfa kwa tela, na vumbi lake la njano linaingia kila mahali. Nikaziba tundu lisije likaingiza vumbi kwenye mafuta, nikasema nitaitoa salfa ikiisha. Nikarudi Mtama, nikasahau. Safari za salfa zilikuwa fupi, tatizo halikuonekana. Kulima ni kazi ya saa nyingi, na tangi lisiloingiza hewa haliachii mafuta. Mjomba alikuwa ameniambia nianzie pale. Niliichokonoa sabuni kwa msumari, nikalima mpaka adhuhuri bila trekta kuzima hata mara moja, nalia.

Nilimpelekea baba kile kipande. Alikitazama, akasema, "Kakifukie." Nilimkatalia, mara ya kwanza maishani mwangu. Ijumaa baada ya swala nikasimama mbele ya watu na sabuni mkononi, nikawaeleza yote, kwamba marehemu hakuiba wala hakuharibu kitu. Walinisikiliza kwa utulivu. Mmoja wa walimu waliosoma siku ile, mzee mpole, akanishika bega.

"Usijitese, mwanangu. Kama ni sabuni, mbona aliyekufa ni yeye?"

Wengine wakaitikia kwa vichwa, wakatoka kutafuta viatu vyao.

Mama hajaniuliza chochote mpaka leo. Ananipakulia chakula, ananitengea, anaondoka. Kisomo kile kilimtaka aliyeharibu, na aliyeharibu ni mimi. Ni msimu wa tatu huu nalima kwa trekta lile, na sijaumwa hata kichwa.